Masta ya ergonomia na saikolojia tambuzi: angalia kwanza iko idara gani

Kwa wale mnaofikiria masta ya hii fani, ile ya kuangalia akili ya mtu inavyokutana na mashine, skrini na vifaa vya kazi, kabla hujatuma maombi cheki kozi inakaa idara gani. Vyuo vingine wanaiweka saikolojia, vingine uhandisi, na tofauti ni kubwa kuliko jina linavyoonyesha maana kwa saikolojia utashinda na majaribio ya umakini na kumbukumbu na takwimu kibao, kwa uhandisi utakutana zaidi na usalama kazini, vipimo vya mwili na usanifu wa mifumo. Zote nzuri sana ila si kitu kimoja.

Na usiogope kama digrii yako ya kwanza siyo saikolojia, watu wanaingia wakitokea kompyuta, uuguzi, hata urubani. Takwimu tu ndo ujiandae nazo mapema, anza R (programu ya kompyuta ya kuchambua takwimu) sasa hivi.

Ukitaka kuonja fani yenyewe soma habari za Alphonse Chapanis, mwanasaikolojia wa Marekani. Wakati wa vita vya pili vya dunia marubani wa ndege za kivita za B-17 walikuwa wakishatua wanakunja magurudumu badala ya flapu (vibao vya nyuma ya mbawa), yeye akaona swichi zinafanana na ziko jirani, akashauri vishikio viwe na maumbo tofauti ili mkono utambue wenyewe bila macho. Kisa hicho ndo nampa kila anayeniuliza hii fani inafanya nini hasa.