Dada Wawili Waliokosana, Vita Mlangoni: Namna ya Kuandika Hadithi ya Kagera

Unataka kuandika hadithi ya dada wawili wakati wa vita vya Kagera, kati ya Tanzania na Uganda ya Idi Amin. Kabla hujaandika mlio wa kwanza wa bunduki, amua dada hao wanagombea nini. Kiwe kitu cha kushikika. Uhayani, nchi ya Wahaya kaskazini-magharibi mwa Tanzania, kitu hicho ni kibanja, shamba la ukoo: migomba, mibuni, na makaburi ya wazee katikati yake.

Hapa ndipo waandishi wengi hukosea. Mwaka 1978 mwanamke wa Kihaya aliweza kupewa ardhi ya ukoo aitumie maisha yake, lakini si kuiuza. Sheria za mila zilizotangazwa mwaka 1963 zilisema hivyo, na Mahakama Kuu kule Mwanza haikuuondoa ubaguzi huo mpaka mwaka 1990, katika kesi ya Holaria Pastory. Ukimfanya dada mkubwa auze kibanja wakati wa vita, msomaji wa Bukoba atakuacha hapo hapo. Mfanye abaki akikitumia baada ya baba kufa, huku mdogo wake aliyeolewa Rakai, upande wa Uganda, akiamini alidhulumiwa.

Sasa chukua kalenda. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yaliteka eneo la kaskazini mwa mto Kagera. Novemba 2 Nyerere akatangaza kwamba sababu, nia na uwezo wa kumpiga vipo. Mwanzoni mwa mwezi huo huo daraja la Kyaka, la kuvukia mto huo, likalipuliwa. Daraja hilo ndilo litakalokupangia msuko wa hadithi: aliyevuka mapema amevuka na mizigo, aliyechelewa anatafuta mtumbwi. Kampala ilianguka Aprili 11, 1979, lakini hadithi ya maneno 3,000 haifiki huko. Siku kumi za uvamizi zinatosha, na siku moja ya kurudi nyumbani baadaye. Na mkoa uite Ziwa Magharibi. Jina la Kagera lilikuja baadaye.

Mpe kila dada siri moja, na kila siri iwe na kitu kinachoibeba. Tuseme mdogo aliandika barua saba akiomba arudi nyumbani, na mkubwa akazificha zote kwenye sanduku la bati. Mdogo amemkimbia mumewe, amefika siku chache kabla ya uvamizi, naye haulizi barua zilikwenda wapi. Kwenye kukimbia, mizigo inagawanywa. Mdogo anapewa kubeba sanduku hilo. Jioni, ng'ambo ya mto, analifungua akitafuta chumvi:

“Hizi ni barua zangu.”
“Zilifika.”
“Zote saba, dada?”
“Nilizihesabu.”

Umeona kwamba mkubwa hajajitetea. Anajibu swali dogo kuliko lile aliloulizwa. Akianza kuungama kurasa mbili, vita vinageuka pazia la nyuma tu na huyo dada anakuwa mhubiri. Mikono yao ipe kazi pia. Novemba ni msimu wa senene, panzi wanaoliwa Uhayani, kwa hiyo waache wanyonyoe mbawa na miguu kwenye ungo mmoja. Kama mdogo bado ananyonyoa kwa namna ya mama yao, mkubwa ataliona hilo bila wewe kulisema.

Siri ya mdogo itolewe na mtu wa tatu. Balozi wa nyumba kumi, yaani kiongozi wa kaya kumi za jirani, atauliza mgeni huyu katoka wapi, kwa kuwa mtu aliyetoka Uganda siku zile alishukiwa haraka kuwa jasusi. Mkubwa lazima ajibu mbele ya watu, na hapo ndipo anapogundua kwamba hajui mume wa mdogo wake anafanya kazi gani. Jibu likiwa ni mwanajeshi, usilitamke. Mwache balozi aulize mara ya pili.

Lugha nayo ina mtego. Katika Uganda ya Amin, Kiswahili kilikuwa lugha ya askari: kizuizini, kambini, usiku mlangoni. Balozi akimsemesha mdogo kwa Kiswahili cha upole kabisa, huenda mdogo akanyamaza au akainua mikono. Wenyeji watauona ukimya huo kuwa ujeuri. Dada yake peke yake anaweza kuwaeleza, akitaka.

Usimuue mmoja kwa bomu ili kumaliza ugomvi. Huko ni kukwepa kazi. Warudishe nyumbani. Ng'ombe wameporwa, migomba imekatwa, nyumba haina mlango, na jembe lililobaki ni moja. Andika nani analiokota, kisha weka nukta.