Somo: Kuchagua jiko na sufuria za kambini, kwa kundi la watu 10

Somo hili ni la mtu anayepikia kundi porini au mlimani kwa siku kadhaa. Nimeegemea gesi kwa sababu ndani ya Hifadhi ya Kilimanjaro hairuhusiwi kuwasha kuni, na kwingineko, masika yakishaingia, kuni kavu ni shida kupata.

Hatua ya 1. Anza na hesabu ya maji

Kinachomaliza gesi kambini ni maji ya kuchemsha, wala si wali. Mtu mmoja mlimani anahitaji lita 3 za kunywa kwa siku. Ongeza chai, supu na kuosha vyombo, kundi la watu 10 linafika lita 45. Kuchemsha lita moja ya maji baridi, sufuria ikiwa na kifuniko na jiko limekingwa upepo, kunakula gramu 20 hadi 25 za gesi. Hapo ni takriban kilo moja kwa siku. Ukiongeza kukaanga na mchuzi, weka kilo 1.5. Kwa hiyo mtungi wa kilo 6 ni wa siku 4, na bila kifuniko wala kinga ya upepo hata siku 3 haufiki.

Hatua ya 2. Chagua jiko linalokaa chini

Wengi hununua mtungi wa kilo 6 wenye kichomeo juu yake. Kwa chai ya watu wawili unatosha. Kwa kundi, hapana. Sufuria ya lita 10 juu ya mtungi inakaa mbali na ardhi, na ukianza kusonga ugali mwiko unaisukuma upande. Mtungi ukilala, gesi ya maji inatoka badala ya mvuke na moto unaruka.

Chukua jiko la chuma la miguu mitatu, fupi, lenye mpira wa gesi wa mita 1.5 na regyuleta (kifaa cha kupunguza presha ya gesi). Mtungi unakaa pembeni, mbali na joto. Kabla ya kulipa, angalia haya:

- Nafasi kati ya miguu iwe pana kuliko kitako cha sufuria yako kubwa.
- Chuma cha kusubu kinadumu kwenye moto lakini hupasuka kikidondoka kwenye mawe. Kama jiko litabebwa kichwani, chuma cha bapa kilichochomelewa kinafaa zaidi, maana kikipinda kinanyooshwa.
- Nozeli, kile kitundu kidogo cha kutolea gesi, iwe ya kufunguliwa kwa spana ya kawaida.
- Regyuleta ilingane na jiko. Ya presha kubwa kwenye jiko la nyumbani inafanya moto uruke juu ya kichomeo. Ya presha ndogo kwenye jiko kubwa inatoa moto dhaifu.

Jiko lenye kiberiti cha kubonyeza silipendekezi. Hicho ndicho kifaa cha kwanza kufa kikipata maji.

Hatua ya 3. Sufuria

Tatu zinazoingiana zinatosha: lita 10 ya maji, lita 8 ya ugali au wali, lita 4 ya mboga. Pima ujazo kwa chupa ya lita moja, usiamini karatasi iliyobandikwa. Wali wa watu 10 ni mchele kilo 1.2, ugali ni unga kilo 1.2 hadi 1.5, na lazima ibaki nafasi ya mwiko.

Aluminiamu yenye unene wa milimita 2 au 3 ndiyo bora. Inasambaza joto, ni nyepesi, na ikibonyea inagongwa kwa nyundo ya mbao. Stinlesi nyembamba huunguza katikati huku pembeni chakula ni kibichi. Vishikio viwe vya kupigiliwa ribiti. Vya plastiki huyeyuka. Kifuniko kiwe bapa na kizito, ili juu yake upashe sahani na upepo usikibebe.

Hatua ya 4. Jaribu nyumbani

Funga kila kiungo, fungua gesi, paka povu la sabuni. Likitoa mapovu, kaza klipu au badilisha ringi ya mpira. Usipime uvujaji kwa kiberiti. Kisha chemsha lita 5 ukiwa na saa, na upime mtungi kwenye mizani kabla na baada. Vipuri vya kubeba: ringi 2, klipu 2, bisibisi, spana, waya mwembamba na viberiti kwenye chupa yenye kifuniko.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, nina mtungi wa kichomeo juu tayari. Nikizungushia bati kukinga upepo?*

Usifanye hivyo. Bati linarudisha joto kwenye mtungi na presha inapanda. Weka kinga upande wa upepo tu, umbali wa mkono mmoja, na shika mtungi mara kwa mara: ukiwa wa moto, zima.

*Asubuhi kwenye baridi kali moto unakuwa mdogo wakati gesi ipo. Tatizo nini?*

Gesi ya mtungi ni mchanganyiko wa butani na propani. Butani inaacha kugeuka mvuke karibu na nyuzi 0, propani inaendelea hadi nyuzi 42 chini ya sifuri. Propani hutangulia kuisha, kwa hiyo mtungi uliofika nusu husumbua zaidi. Uweke juu ya ubao, kisha ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu ambayo mkono unavumilia. Kamwe usiupashe kwa moto.

*Mlimani moto unakuwa wa njano na sufuria zinajaa masizi.*

Hewa ni nyepesi huko juu. Fungua zaidi tundu la hewa chini ya kichomeo. Ukibaki wa njano, safisha nozeli kwa waya mwembamba kuliko tundu. Ukilipanua, jiko limeharibika.

*Mlimani maharage hayaivi kabisa, hata yakipikwa kwa muda wa saa tatu. Niongeze moto?*

Moto hausaidii. Pale kambi ya Barafu, Kilimanjaro, mita zipatazo 4,670, maji huchemka karibu nyuzi 85 na hayapandi zaidi. Beba presha kuka, sufuria inayofungwa na kubana mvuke, ambayo inapandisha joto kupita nyuzi 100, au pika maharage nyumbani uyabebe yamekaushwa. Vinginevyo tumia dengu nyekundu.

*Sufuria za kusubu za mafundi wa mtaani vipi, mwalimu? Ni nzito na bei nzuri.*

Uzito wake unafaa kwa ugali, lakini zinazotokana na vyuma chakavu mchanganyiko zinaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu. Usipikie nyanya, ukwaju wala ndimu, na usilaze chakula ndani. Kwa matumizi ya kila siku nunua za karatasi ya aluminiamu.

*Mvua ikinyesha, naruhusiwa kupikia ndani ya hema?*

Si hema la kulala. Kaboni monoksaidi, gesi ya sumu itokayo kwenye moto, haina harufu, na mkaa unaoonekana umekufa bado unaitoa. Tumia hema la jikoni lisilolaliwa na mtu, pande mbili ziwe wazi, mtungi ukae upande wa mlango.