Mfumo ukilala: namna ya kuandaa mpango utakaouamsha

Nikipewa mpango wa majanga wa taasisi, yaani wa kurudisha mifumo ya kompyuta inapozimika, niukague, sianzii ukurasa wa kwanza. Nauliza umehifadhiwa wapi. Mara nyingi uko kwenye seva ya mafaili, ileile itakayokuwa imezimika siku hiyo. Namba za simu za wahusika ziko kwenye barua pepe ya ofisi, na nywila za msimamizi ziko kwenye programu iliyosimikwa ndani ya raki hiyohiyo, kabati linalobeba seva. Basi kazi ya kwanza haisubiri bajeti: chapisha mpango, nakala moja ikae masijala na nyingine kwenye kasiki la jengo jingine. Nywila za dharura ziwekwe kwenye bahasha yenye lakiri, na kila inapofunguliwa mtu asaini, kisha nywila zibadilishwe.

Baada ya hapo achana na mashine kwanza. Keti na wakuu wa idara uwaulize kuhusu huduma zao. Afisa wa TEHAMA akiachiwa aamue peke yake kipi kirudi mapema, atarudisha barua pepe, maana ndiyo anayopigiwa kelele zaidi. Kwa kila huduma andika mambo mawili: inaweza kulala kwa muda gani kabla mwananchi hajaumia, na tunaweza kuvumilia kupoteza data ya muda gani. Watu huyachanganya. Mfumo wa malipo unaweza kulala nusu siku bila balaa, lakini usipoteze hata risiti moja. Tovuti ya matangazo ni kinyume chake: nakala ya wiki jana inatosha kabisa, ilimradi ipatikane haraka. Kila idara itakujibu "sifuri" kwa yote mawili. Usibishane nao, waonyeshe gharama ya kituo cha pili kinachopokea kila muamala papo hapo, nao wataanza kupanga vipaumbele wenyewe. Mkuu wa taasisi asaini orodha hiyo.

Kuhusu nakala rudufu, kanuni ya zamani bado inafaa: nakala tatu, kwenye aina mbili za vihifadhi, moja ikiwa nje ya jengo. Mimi huongeza moja isiyofikika kabisa kwa mtandao, kwa kuwa wadukuzi wanaofunga mafaili na kudai fidia huanza kwa kuzisaka nakala. Tarehe 26 Septemba 2025, moto wa betri za lithiamu katika kituo cha data cha serikali huko Daejeon, Korea Kusini, ulisababisha mifumo 709 kuzimwa. Hifadhi ya pamoja ya nyaraka za watumishi, terabaiti 858, iliteketea bila nakala ya nje, na maelezo yaliyotolewa ni kwamba data ilikuwa kubwa mno kunakiliwa. Ukiambiwa hivyo kwako, usinyamaze. Andika dokezo, lifike kwa mwenye sahihi, naye akubali kwa maandishi kwamba data hiyo inaweza kupotea.

Sasa jaribio la kurejesha mfumo kutoka kwenye nakala, na hapa ndipo ninapokuwa mkali. Ujumbe wa "nakala imekamilika" unakwambia tu kwamba programu haikulalamika. Tafuta seva tupu iliyotengwa na mtandao wa kazi, nakala irejeshwe humo. Usipoitenga, mfumo ukiamka utaanza kuwatumia wananchi ujumbe mfupi wa malipo waliyokwisha kulipa. Kazi apewe afisa ambaye hakuandika mwongozo wa kurejesha, na aliyeuandika akae pembeni bila kusema neno. Anzisha saa. Kila mahali afisa anapokwama na kugeuza shingo, hapo mwongozo una pengo, liandike. Kanzidata, yaani hifadhi ya rekodi za mfumo, ikisharudi, hesabu rekodi za jedwali la malipo, kisha fungua risiti ya mwisho kabla ya nakala kuchukuliwa na uilinganishe na ile ya karatasi. Fungua pia kiambatisho kimoja kilichoskaniwa: mara nyingi kanzidata hunakiliwa vizuri na folda ya viambatisho husahaulika. Kama nakala imefungwa kwa ufunguo wa siri, uliza ufunguo uko wapi. Ukisikia "kwenye seva", jaribio limefeli.

Mpangilio wa kuamsha nao uandikwe: umeme na ubaridi, swichi, huduma ya majina ya mtandao (inayowezesha mashine kutafutana kwa majina), saraka ya watumiaji (orodha inayoamua nani anaingia wapi), kanzidata, halafu programu zenyewe. Saraka hudharauliwa sana. Mwaka 2017 shambulio la programu hasidi ya NotPetya lilifuta saraka za kampuni ya meli ya Maersk dunia nzima, isipokuwa nakala moja iliyosalimika Ghana kwa sababu umeme ulikuwa umekatika ofisini huko. Wewe usitegemee umeme kukatika.

Wakati mafundi wakihangaika, huduma iendelee kwa karatasi. Kosta Rika iliposhambuliwa mwaka 2022, forodha ilirudi kwenye karatasi, na Rais Rodrigo Chaves akatangaza hali ya dharura ya kitaifa. Chapisha fomu mapema zenye namba za mfululizo, zianze na herufi ambayo mfumo hautumii, ili namba zisigongane wakati wa kuziingiza fomu kwenye mfumo uliorudi. Mmoja aingize, mwingine ahakiki. Tarehe ya huduma ibaki ile ya kwenye fomu. Muulize mzabuni leo kama mfumo unakubali tarehe iliyopita, maana mingi hukataa.

Yaliyobaki ni mafupi ila yasikosekane: nani ana mamlaka ya kutamka kwamba hili ni janga, kaimu wake ni nani, na mkataba upi unaruhusu kununua seva kwa dharura bila kusubiri zabuni ya kawaida. Kila robo mwaka chukua orodha ya simu upige namba zote, jioni, baada ya saa za kazi. Watumishi huhamishwa na laini hubadilishwa, kwa hiyo rekebisha orodha siku hiyohiyo na upeleke karatasi mpya masijala na kwenye kasiki.