Silaha, Sheria za Majimbo na Hali Yako ya Uhamiaji Marekani

Aliyekulia Kenya au Tanzania, ambako bunduki humilikiwa kwa leseni ya serikali, huweza kushangazwa na mwelekeo wa majimbo mengi ya Marekani, ambako wanaharakati wa haki ya kumiliki silaha, wakiwemo wa chama cha NRA kilichoanzishwa mwaka 1871, wamefanikiwa kulegeza sheria moja baada ya nyingine. Tangu Septemba 1, 2021, Texas, yenye Wakenya wengi katika eneo la Dallas, haidai tena kibali kwa watu wengi wanaobeba bastola. Ohio ilifuata Juni 2022, mwezi uleule ambao Mahakama ya Juu, katika kesi ya Bruen, iliamua kwamba Katiba inalinda haki ya kubeba bastola hata nje ya nyumba.

Wengi wetu, tukisikia kwamba kibali hakihitajiki, hudhani kwamba ruhusa hiyo ni ya kila mtu, na dhana hiyo ni ya hatari sana. Sheria ya jimbo haifuti sheria ya shirikisho, yaani ya Marekani nzima, ambayo humkataza kuwa na bunduki au risasi mtu anayeishi nchini bila hati halali, na pia mtu aliyeingia kwa viza ya muda, kama vile mwanafunzi, isipokuwa katika hali chache kama ya mwenye leseni halali ya uwindaji. Kwa hiyo mwanafunzi anayealikwa na wenzake kwenda kulenga shabaha akatae, hata kama bunduki si yake. Mwenye kadi ya kijani, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, huruhusiwa kununua. Hata hivyo, akitiwa hatiani kwa kumiliki au kubeba silaha kinyume cha sheria, anaweza kuondolewa nchini hata kama ameishi huko miaka mingi na watoto wake ni raia.

Sheria pia hubadilika ukivuka mpaka. Anayetoka Dallas kwenda harusini Minneapolis akumbuke kwamba Minnesota bado inadai kibali cha kubeba bastola. Maine, wanakoishi Wakongo na Wanyarwanda wengi, ilipitisha mwaka 2024 sharti la kusubiri saa 72 kabla ya kukabidhiwa silaha, baada ya watu 18 kuuawa Lewiston mwaka 2023, na wapinzani wakalipeleka sharti hilo mahakamani. Kwa sababu hiyo, soma sheria ya jimbo husika kama ilivyo siku hiyo, wala usitegemee ulichosikia mwaka jana.

Ukishtakiwa, usikubali kosa kabla wakili hajakueleza athari zake kwa ukaazi wako. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu katika kesi ya Padilla ya mwaka 2010, kukueleza hivyo ni wajibu wa wakili wako wa utetezi.

Anayetaka sauti yake isikike, awe anaunga mkono au anapinga mabadiliko haya, anaweza kumwandikia mbunge wa jimbo lake hata kama si raia. Lakini asiye raia asijiandikishe kupiga kura, na kama hana kadi ya kijani, asichangie fedha za kampeni, kwa maana sheria ya shirikisho inakataza.