AD imeingia mezani kwako: jinsi ya kuisoma, kuipigia hesabu na kuifunga bila kuacha mwanya

Hii nawaandikia vijana waliomaliza kozi ya ufundi ndege na sasa wamewekwa ofisi ya rekodi au planingi, pale ambapo imeili inaingia asubuhi na kabla hujamaliza chai bosi keshauliza, hiyo AD (Airworthiness Directive, amri ya mamlaka kuhusu usalama wa ndege) inatuhusu au haituhusu? Swali linaonekana dogo ila jibu lake linaweza kulaza ndege chini leo leo au likaiacha iruke na kasoro ambayo dunia nzima inaijua.

Tuanze na tofauti moja ambayo wengi wanaichanganya. Mtengenezaji akigundua tatizo anatoa SB (Service Bulletin), yaani waraka wake wa kushauri ufanye ukaguzi fulani au ubadilishe kifaa fulani. Mamlaka ya anga ikiona tatizo hilo linahatarisha ndege inatoa AD, na hapo ushauri umeisha, ni amri ya kisheria na ndege isiyotimiza hairuki na abiria. Mara nyingi AD inakuambia fanya kama SB namba fulani inavyosema, kwa hiyo unasoma vyote viwili, na vikipingana AD ndiyo inashinda.

Ukitaka kuona pengo kati ya hivi viwili linavyoua, angalia Southwest ya Marekani. Agosti 2016 bledi ya feni kwenye injini ya CFM56-7B ilikatika angani, ndege ikatua salama Pensacola. Mtengenezaji akatoa waraka wa kupima bledi, FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, nao mwaka 2017 wakaandaa rasimu ya AD, lakini rasimu si amri, ikawa bado inajadiliwa. Tarehe 17 Aprili 2018 Southwest nyingine, safari ya 1380 kutoka New York kwenda Dallas, bledi ikakatika tena, kipande cha kava la injini kikavunja dirisha na abiria mmoja akafariki. Siku tatu baadaye ikatoka AD ya dharura 2018-09-51, injini zenye miruko 30,000 na kuendelea (kupaa na kutua ni mruko mmoja) zipimwe bledi zote 24 kwa altrasaundi ndani ya siku 20. Injini hizo hizo ndizo ziko kwenye 737-800 zinazotua Nairobi na Kigali kila siku, kwa hiyo usidhani haya ni mambo ya Wamarekani.

Sasa kazi yenyewe. Kabla ya kusoma hakikisha unapata AD kutoka kila mahali zinapotoka, maana hapa ndipo watu wanapoachwa. AD inatolewa kwanza na nchi iliyosanifu kifaa, sio nchi ya ndege ilipo. Boeing ni FAA, Airbus na ATR ni EASA ya Ulaya, Embraer ni ANAC ya Brazil, Dash 8 ni Transport Canada. Na ndege moja ina wazazi zaidi ya mmoja: A220 kama za Air Tanzania bodi yake iko chini ya Transport Canada lakini injini zake za PW1500G ziko chini ya FAA, ukifuatilia Canada peke yake umekosa nusu ya mambo. ATR nayo bodi ni EASA, injini ni Pratt & Whitney Canada kwa hiyo Transport Canada. Propela, viti, mitungi ya oksijeni, vyote vina AD zake. Juu ya hapo kuna mamlaka ya nchi uliyosajili ndege, TCAA ya Tanzania, KCAA ya Kenya, UCAA ya Uganda au nyingine, ambayo kwa Kiambatisho cha 8 cha ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ina wajibu wa kupokea taarifa hizi za lazima na kuzifanyia kazi, na inaweza kuongeza za kwake. Jiandikishe upokee imeili za mamlaka zote zinazohusu vifaa vyako, na hata hivyo kila wiki ingia mwenyewe kwenye tovuti zao uangalie, imeili zinapotea.

Namba ya AD inaongea, jifunze kuisoma. Ya FAA kama 2020-24-02 maana yake ni mwaka 2020, kipindi cha 24 cha wiki mbili mbili, AD ya pili ya kipindi hicho. Ukiona mkia unaanzia 51 kwenda juu ujue ni ya dharura. Ya EASA ina mwaka na namba ya mfululizo, herufi E mwishoni ni dharura, R1 ni kwamba imerekebishwa. Ukiona dharura acha unachofanya. Tarehe 28 Novemba 2025 EASA walitoa 2025-0268-E kuhusu kompyuta ya ELAC (inayoendesha sehemu za mabawa na mkia zinazogeuza ndege) kwenye A320 na ndugu zake, baada ya ndege ya JetBlue kushusha pua yenyewe mwishoni mwa Oktoba, na agizo lilisema kabla ya safari inayofuata, sio wiki ijayo. Ndege kama 6,000 duniani ziliguswa, mafundi wakakesha wikiendi nzima wanarudisha programu ya zamani kwenye kompyuta. Kilichowaokoa wengi ni kwamba walikuwa wanajua ndani ya dakika chache kila ndege ina kompyuta gani na toleo gani la programu. Hiyo orodha utengeneze leo, siku ya dharura haina muda wa kuanza kufungua makava kusoma pati namba.

Sehemu ya kwanza unayosoma kwenye AD ni inahusu nini: modeli gani, siriali namba zipi, pati namba zipi. Hapa usisome kwa haraka hata kidogo. Kuna AD inayosema ndege zote za modeli fulani, kuna inayotaja siriali za kuanzia hadi, na kuna inayosema ndege yoyote iliyofungwa kifaa fulani, hii ya mwisho ndiyo ngumu kwa sababu ndege inaweza kuwa ilitoka kiwandani haina hicho kifaa lakini miaka mitatu iliyopita mtu alikifunga baada ya cha mwanzo kuharibika. Huwezi kujibu kwa kuangalia siriali ya ndege tu, unaingia kwenye rekodi za vifaa, na kama rekodi haieleweki unamtuma fundi akaangalie kwa macho na apige picha ya kibati. Ukiandika haituhusu, andika na sababu yake, kwa mfano siriali haimo kwenye orodha, au kifaa hakijafungwa imethibitishwa tarehe fulani kwa jobukadi (karatasi ya kazi ya fundi) fulani. Haituhusu isiyo na sababu ni sawa na kutojibu, mkaguzi akija miaka mitano baadaye na wewe umeshahama kazi hakuna atakayejua ulifikiria nini.

Alafu usisahau stoo. AD nyingi zina aya kule chini inayokataza kufunga kifaa kile cha zamani kuanzia tarehe fulani. Ndege zako zote zinaweza kuwa safi, ila kwenye shelfu kuna vipuri viwili vya pati namba iliyokatazwa, na usiku mmoja fundi aliye zamu anachukua kimoja anafunga ili ndege ya alfajiri iondoke. Siku hiyo hiyo unayoifungua AD, mpelekee mtu wa stoo pati namba zake, vifaa vitolewe kwenye shelfu na vifungiwe tegi nyekundu.

Hesabu ya muda sasa, hapa ndo kwenye mitego. Muda unahesabiwa kwa saa za kuruka, kwa miruko, kwa kalenda, au kwa mchanganyiko. Na mara nyingi unaanza kuhesabiwa tarehe AD inapoanza kutumika, sio siku wewe ulipoiona. Tuseme AD inasema ndani ya saa 3,000 au miezi 18, kitakachotangulia. Ndege inayoruka saa 10 kwa siku itamaliza saa 3,000 kwa siku 300 tu, kwa hiyo saa ndizo zinatangulia. Ndege nyingine ya kampuni hiyo hiyo inaruka saa 4 kwa siku, hiyo itahitaji siku 750 kufika 3,000, miezi 18 itaisha kabla. AD moja, ndege mbili, dedilaini mbili za aina tofauti. Na kuna AD zinazosema kitakachochelewa, neno moja tu limebadilika na jibu lote limegeuka, kwa hiyo soma hilo neno mara mbili na mpe mwenzako naye asome bila kumwambia wewe umepata jibu gani. Kama ni AD ya injini unahesabu miruko ya injini sio ya ndege, na injini zinahamishwa, iliyokuwa bawa la kushoto la ndege hii mwaka jana leo iko bawa la kulia la ile.

Ukishajua dedilaini ndo unaangalia kazi inahitaji nini: vipuri, vifaa maalum, watu wangapi, hanga au inafanyika ndege ikiwa imepaki. Vipuri vya AD vinagombaniwa na dunia nzima kwa wakati mmoja, ukisubiri miezi miwili ya mwisho utaambiwa foleni, agiza mapema. Ukiona kabisa huwezi kufuata njia iliyoandikwa, kuna mlango wa halali wa kuomba njia mbadala inayotoa usalama uleule, lakini unaiomba kwa mamlaka na unasubiri kibali kwa maandishi, meneja wako hana uwezo wa kukupa hicho kibali hata awe na cheo gani. Na kama muda umeisha ndege ikiwa mbali na karakana, baadhi ya AD zinaruhusu kuisogeza bila abiria, ile ya A320 iliruhusu hadi miruko mitatu ya namna hiyo.

Kufanya kazi yenyewe nitatumia mfano wa 737 MAX kwa sababu unatugusa. Tarehe 10 Machi 2019 Ethiopian 302 iliondoka Addis Ababa kuja Nairobi ikaanguka dakika sita tu baada ya kupaa, watu 157, Wakenya wakiwa ndio wengi kuliko taifa lolote. Chini ya miezi mitano nyuma yake Lion Air 610 ilikuwa imeanguka Indonesia na watu 189. Mfumo wa MCAS ulikuwa unasikiliza sensa moja tu ya pembe ya bawa dhidi ya hewa inayokuja, sensa ikidanganya mfumo unasukuma pua chini tena na tena. AD 2020-24-02 ya Novemba 2020 ndiyo iliweka masharti ya kuzirudisha hizo ndege angani, na ukiisoma utaona sio kazi moja. Kuna programu mpya ya kompyuta za usukani, ambayo sasa inalinganisha sensa zote mbili na zikitofautiana kwa digrii 5.5 au zaidi MCAS inazimwa kwa safari iliyobaki. Kuna programu ya skrini za marubani ili onyo la sensa kutokubaliana lionekane. Kuna kutenganisha waya za trimu ya mkia ili hitilafu moja isiguse zote. Kuna kupima mfumo wa sensa. Kuna safari ya majaribio bila abiria. Na kuna kurekebisha kitabu cha marubani.

Hiyo ya kitabu ndiyo inasahaulika hanga nyingi! Fundi anamaliza waya na programu, anasaini, AD inafungwa, kumbe kitabu ndani ya ndege bado kina kurasa za zamani na kitabu ni sehemu ya agizo kama waya zilivyo. Kwa hiyo AD yenye aya saba tengeneza mistari saba kwenye jobukadi, kila aya na saini yake, na AD haifungwi mpaka mistari yote saba ina wino. Usikubali saini moja chini iseme AD imetimizwa.

Kwenye rekodi andika namba ya AD na toleo lake, aya gani ilifanywa, njia gani (SB namba ipi na toleo lipi), tarehe, saa na miruko ya ndege siku hiyo, na kama inajirudia, lini tena. AD nyingine zina ukaguzi wa kujirudia mpaka ufanye marekebisho ya kudumu, ukiyafanya ukaguzi unakoma, lakini uwe na ushahidi wa marekebisho, vinginevyo unaendelea kukagua. Na AD mpya ikifuta ya zamani usifute mstari wa zamani, andika imefutwa na ipi, kisha isome mpya yote upya kwa sababu ukaguzi uliofanya chini ya ile ya kwanza unaweza kukubalika au usikubalike.

Karatasi ya awali yenye saini, ile yenye alama za vidole vya grisi, itunze. Ndege nyingi huku ni za kukodi, na siku ya kuirudisha mwenye ndege hataki orodha iliyochapwa vizuri, anataka hiyo karatasi. Na upande wa pili, wewe ukipokea ndege iliyoruka miaka kumi Asia au Ulaya, usiamini orodha waliyokupa. Chukua AD zote za bodi, kila injini, APU (injini ndogo ya mkiani inayotoa umeme) na magurudumu, zilinganishe moja moja na ushahidi kabla hujasaini kuipokea, na ambayo haina karatasi ihesabu haijafanyika.