Metriki yako ina alama zipi? Kuhamisha milinganyo ya uhusianifu kutoka kitabu hadi kitabu

Juzi nilikaa na mwanafunzi wa shahada ya pili ambaye hesabu yake ya ulimwengu unaotanuka ilimpa shinikizo hasi, ilhali ndani yake alikuwa ameweka gesi ya kawaida tu. Aljebra yake ilikuwa safi mstari kwa mstari. Tatizo ni kwamba tensa ya nishati (jedwali la nishati na shinikizo) aliitoa kitabu kimoja, metriki (kanuni ya kupima umbali kati ya matukio katika nafasi-wakati) akaitoa kingine. Hivi ndivyo tulivyoisafisha.

Hatua ya 1. Andika juu kabisa ya karatasi alama za metriki yako, ya wakati kwanza, kisha tatu za nafasi: (−,+,+,+) au (+,−,−,−). Kwa kazi ya mvutano chagua ya kwanza, maana umbali wa kawaida unabaki chanya. Vitabu vingi vya fizikia ya chembe hutumia ya pili, kwa kuwa huko p² = m² (p ni momenta ya chembe, m ni tungamo lake) bila alama ya kutoa. Ile mbinu ya x₄ = ict, aliyoitumia Minkowski mwaka 1908, achana nayo kabisa: inaificha alama ndani ya namba changamano, na nafasi-wakati ikishapinda haina msaada.

Hatua ya 2. Jipime kwa matukio mawili. Weka c = 1 (c ni kasi ya mwanga), muda 5, umbali 3. Mfumo wa kwanza unatoa s² (mraba wa umbali wa nafasi-wakati) = −16, wa pili +16. Saa iliyosafiri kwa kasi moja kati ya matukio hayo husoma 4 katika mifumo yote miwili.

Hatua ya 3. Kuhama mfumo. Hapa ndipo usiku mzima huishia. Wengi hudhani kuhama ni kugeuza kila alama wanayoiona. Sivyo! Kinachogeuka ni metriki, na kitu kingine hugeuka pale tu metriki ilipoingia ndani yake mara witiri. Basi kazi yako ni kuhesabu.

Kasi u^μ = dx^μ/dτ (τ ni muda wa saa inayosafiri, μ ni fahirisi: 0 kwa wakati, 1 hadi 3 kwa nafasi) haina metriki, inabaki. Ishushe fahirisi iwe u_μ: metriki imeingia mara moja, inageuka. Kwa hiyo p^0 ya momenta ni E (nishati) kote, lakini p_0 ni −E katika mfumo wa kwanza. Viambo vya Christoffel (vinavyoundwa kwa vinyambuo vya metriki) vina metriki na kinyume chake, yaani mbili, vinabaki. Riemann (tensa ya mpindo) yenye fahirisi moja juu inabaki, na Ricci R_μν (muhtasari wake) vilevile. Ila skala R (mpindo kama namba moja) inageuka, pamoja na R_μνρσ yenye fahirisi zote chini.

Sasa tazama mlinganyo wa Einstein, unaounganisha mpindo na nishati. Katika R_μν − ½ g_μν R, g inageuka na R inageuka, kwa hiyo upande huo haubadiliki hata kidogo. Lakini Λg_μν (Λ ni kisobadilika cha kosmolojia) ina metriki moja: +Λg ya mfumo wa kwanza huwa −Λg katika wa pili. Ukilisahau hilo, ulimwengu wako utavutana badala ya kusukumana.

Tensa ya nishati ya kimiminika kisicho na mnato (ρ ni msongamano wa nishati, na p sasa ni shinikizo, si momenta) ni T_μν = (ρ+p)u_μu_ν + p g_μν katika mfumo wa kwanza, na − p g_μν katika wa pili. Ukitia +p g kwenye (+,−,−,−), kimiminika kilichotulia kitakupa T_00 = ρ + 2p na T_11 = −p. Ndilo shinikizo hasi la mwanafunzi wetu.

Angalia pia vinyambuo: ∂_μ inabaki, ∂^μ inageuka. Ndiyo sababu mlinganyo wa Klein na Gordon (wa uga φ wenye tungamo m, □ ikiwa ∂^μ∂_μ) utaukuta kama (□ − m²)φ = 0 kwa mfumo wa kwanza na (□ + m²)φ = 0 kwa wa pili, na yote miwili ni sahihi.

Hatua ya 4. Metriki si alama pekee inayotofautiana. Riemann ina yake, Ricci nayo ina yake, ndiyo maana baadhi ya vitabu huandika −8πG upande wa kulia. Chukua fasili za kitabu chako, zitumie kwenye uso wa tufe lenye nusukipenyo a, metriki yake ikiwa chanya. Ukipata R = 2/a², alama ya Ricci yako iko pamoja na kitabu cha Misner, Thorne na Wheeler cha 1973. Ukipata −2/a², usichanganye milinganyo yake na yao.

Hatua ya 5. Kabla ya kuipa SymPy (programu ya aljebra) kazi yoyote, tuliza kimiminika chako kwenye nafasi-wakati isiyopinda, na kwa mkono uhakikishe T_00 = ρ na T_11 = p. Programu itapokea alama zozote utakazoipa, bila kukuonya.