Somo: mtoto anayeng'ata wenzake darasa la awali, mi nafanyaje

Walimu wenzangu habari za saa hizi. Nafundisha awali huku Ujiji, mwongozo unasema mwalimu mmoja watoto 25 ila mi nina zaidi ya mara mbili ya hapo, kwaiyo haya ni ya darasa lililojaa sio la kwenye semina.

1. Anza na aliyeng'atwa. Muoshe kwa maji na sabuni, mbembeleze. Ukianza kumpigia kelele mng'ataji darasa zima linamwangalia yeye, na kesho anarudia.

2. Alafu chuchumaa macho yenu yalingane, sauti ya chini: "Hatung'ati. Inauma." Basi, hotuba mtoto wa miaka mitano haimwingii.

3. Hii ndo muishike. Andika kwenye daftari kabla hajang'ata kulitokea nini, saa ngapi, nani alikuwa karibu. Nilikuwa na kijana mmoja nikamwandika wiki nzima, kumbe anang'ata saa nne tu kwenye foleni ya uji, tena anamng'ata anayemsukuma toka nyuma. Kwao wanaongea Kiha tupu, Kiswahili cha kusema usinisukume hana, meno anayo.

4. Mpe hilo neno. Tukafanya kama mchezo, namsukuma kidogo anainua kiganja anasema "acha, zamu yangu". Siku ya kwanza alicheka tu. Akilisema kweli kwenye foleni msifie hapohapo na utaje alichofanya. Nikampa na kazi ya kugawa vikombe.

Swali: Madam, mzazi mwenyewe anasema mchape tu?
Jibu: Fimbo nimeshika miaka sikatai, ila huyo nilipomchapa akahamia kung'ata nyuma ya choo nisikoona. Mama yake alipita jioni na ndoo ya dagaa anatoka Kibirizi, nikamfungulia daftari, akaguna, akasema hata nyumbani kaka zake wanamsukuma hivohivo.

Swali: Nasikia umng'ate na wewe asikie uchungu?
Jibu: Hapana jamani, hapo umemfundisha kwamba mkubwa ndo anaruhusiwa kung'ata.

Swali: Niko Kasulu, wangu hang'ati ila ukimwita haitiki, hata Kiha haongei, akikasirika anajigaragaza chini.
Jibu: Huyo ongea na mzazi apelekwe hospitali apimwe masikio kwanza, na wakati mnasubiri mkalishe mbele karibu na wewe, umguse bega kabla ya kumwambia kitu.